Kalamu ya Waberi: Chewa, Samaki wa Mapangoni



Juma hili nimeletewa swali lisilo la kawaida katika mji wa wafugaji kama huu wetu. Watu saba wa hapa Waberi, mtaa wa Garissa ambao jina lake kwa Kisomali maana yake ni alfajiri, wamechanga fedha zao. Baadhi yao walikuwa na ng'ombe, nao ng'ombe wakateketea katika ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea hata mwisho wa 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano kwa kufuatana. Sasa wamekusudia kununua masanduku ya barafu na kuleta samaki kutoka Lamu kwa njia ya Bodhei na Ijara, wawauzie wenye hoteli wa hapa mjini pamoja na watumishi wa serikali waliotoka Pwani na Nyanza. Mchuuzi mmoja amewaambia kwamba samaki mwenye faida kupita wote ni chewa, hasa chewa mkubwa, na kwamba mtu atakaye mzigo mzima kwa bei nafuu na aende wakati wa kaskazi, siku za mwezi mwandamo. Wanauliza: Huyu chewa ni samaki gani? Anakaa wapi? Na je, biashara yake itadumu?

Swali hilo la mwisho ndilo zito, maana fedha iliyochangwa ni ya watu waliokwisha kupoteza mali mara moja. Lakini haliwezi kujibiwa vema mpaka yale mawili ya kwanza yamejibiwa, kwa kuwa mambo yote ya chewa, wingi wake na uchache wake, yatokana na tabia zake na mahali akaapo.

Kwanza, jina. Chewa nimtajaye hana uhusiano na Wachewa, watu wa Malawi na Zambia. Wala si kambare, ingawa muuza samaki mmoja wa hapa sokoni alishikilia kwa nguvu kwamba ni ndugu wawili, mmoja kaenda baharini. Kambare wetu wa Mto Tana hana magamba, ana ndevu, tena aweza kuvuta hewa ya juu, na ndiyo sababu huweza kustahimili topeni maji yanapopungua. Chewa ana magamba madogo madogo, hana ndevu, na akitolewa majini hana muda mrefu. Jambo moja tu lawafananisha, nalo ni kwamba wote wawili ni wakaaji wa chini. Hawatembei juu juu kwa makundi kama dagaa, wala hawasafiri bahari nzima kama jodari. Jamaa zetu wanaofanya kazi Dubai na Maskati huenda wamekwisha kumla chewa pasipo kumjua, kwa kuwa Waarabu wa Ghuba humwita hamur, naye ni samaki wa heshima katika karamu zao.

Wako wazee watakaoniuliza kwa nini nawaandikia watu wa ngamia habari za samaki. Nawajibu kwa adabu kwamba desturi ya kutokula samaki ni ya kale miongoni mwa wafugaji wengi wa pande hizi, nami siibezi, lakini ni desturi, si amri ya dini. Wabajuni wa Kiunga na Faza ni Waislamu kama watu wa hapa, nao wameishi kwa samaki vizazi na vizazi. Asiyetaka kula na asile. Hata hivyo aweza kuuza, na kwa kuuza inafaa amjue auzwaye.

Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 150 za chewa katika bahari za joto za dunia, na pwani yetu ina nyingi. Zote zafanana kwa umbo: mwili mnene, kichwa kikubwa, midomo mizito, na taya la chini lililotokeza mbele kidogo kuliko la juu, hata samaki aonekana kama mzee aliyekasirika. Mgongoni ana pezi refu, na nusu yake ya mbele ina miiba migumu inayoweza kumchoma mtu asiye mwangalifu. Rangi yake mara nyingi ni ya kahawia au kijivu yenye madoadoa na mabaka, naye aweza kuikoza au kuififisha kwa muda mfupi kulingana na mahali alipo. Wako wadogo wasiozidi urefu wa mkono, na yuko mmoja aitwaye na wataalamu Epinephelus lanceolatus, ambaye amepata kufikia urefu wa metre 2.7 na uzito wa kilo 400. Huo ni uzito wa ng'ombe jike mzima wa Kiborana. Si ajabu kwamba wapiga mbizi husimuliana hadithi za kutisha juu yake.

Makao yake ni mapango ya matumbawe, mianya ya miamba, na mabaki ya meli zilizozama. Chewa hupenda kuwa na nyumba. Akishapata pango limfaalo hukaa papo hapo muda mrefu, akatoka kuwinda karibu na kurudi. Wavuvi wa Lamu walijua hayo kabla ya wataalamu: mvuvi wa mshipi huweka alama za pahali kwa kutazama miti na vilima vya nchi kavu, akarudi juu ya mwamba ule ule mwaka baada ya mwaka, na mwenye malema, yaani mitego ile iliyosukwa kama kikapu, huishusha karibu na mlango wa pango. Ujuzi huo ni mzuri kwa mvuvi. Kwa chewa ni balaa, maana adui yake daima anajua anwani yake.

Lakini hazaliwi pangoni. Mayai yake huelea katika bahari kuu, na vifaranga huchukuliwa na mikondo ya maji kwa majuma kadhaa kabla ya kuteremka chini. Aina kadhaa, wakiwa wadogo, hukaa katika mikoko, katika majani ya bahari, na katika midomo ya mito, ambako maji ya chumvi huchanganyika na maji matamu. Hapa nawaomba wasomaji wa Garissa wasikilize kwa makini, kwa sababu habari hii yapita mlangoni petu. Maji ya Tana tunayoyachota hapa, yaliyotoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, huishia baharini karibu na Kipini, na tope wanalolibeba ndilo linalolisha mikoko ya delta. Tangu bwawa la Kindaruma lilipomalizika mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, sehemu ya tope hilo na ya mafuriko ya zamani hubaki nyuma ya kuta za saruji. Mtu wa Bura akisema mafuriko ya siku hizi si yale ya babu yake, asema jambo linalomhusu hata mvuvi wa Kipini. Na kaunti ya jirani yetu, Lamu, ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mikoko hiyo ikikatwa kwa boriti na mkaa bila kiasi, makinda ya samaki hupungukiwa malezi.

Ama kuhusu chakula chake, chewa hula kaa, kamba, pweza na samaki wadogo. Hana haja ya mbio. Hujibanza mlangoni mwa pango akiwa ametulia kama jiwe, na windo likisogea hufumbua kinywa chake kikubwa kwa ghafla, maji yakaingia kwa nguvu pamoja na windo. Humeza kizima, meno yake, ambayo ni madogo na yameelekea ndani, kazi yake ni kuzuia kilichoingia kisitoke.

Liko jambo moja juu ya uwindaji wake ambalo lilinifurahisha sana niliposoma. Katika mwaka 2006 wataalamu waliokuwa wakichunguza Bahari ya Sham walieleza kwamba chewa mmoja wa huko, windo lake likimkimbia na kuingia katika ufa mwembamba asikoweza kufika, huenda kwenye pango la mkunga, akatikisa kichwa mbele yake. Mkunga hutoka, wakafuatana. Mkunga mwenye mwili kama nyoka huingia ufani. Windo likitoka nje, hunaswa na chewa, na lisipotoka, huliwa na mkunga. Msomaji wa Ijara hatashangaa sana. Waaweer wa msitu wa Boni wamefuata ndege wa asali kwa namna hiyo hiyo tangu zamani, ndege akionyesha mzinga, mtu akiupasua, kila mmoja akipata fungu lake.

Sasa nafika kwenye uzazi, na hapa ndipo penye jibu la wale watu saba.

Katika aina nyingi za chewa, samaki huanza maisha akiwa jike. Hukua, hutaga mayai kwa miaka kadhaa, kisha baadhi yao, wakiisha kuwa wakubwa, hugeuka kuwa madume. Si mzaha, jambo hili limethibitishwa kwa kupasua na kutazama viungo vyao. Maana yake ni kwamba ukiona chewa mkubwa kupita wenzake wa aina hiyo, yaelekea sana kwamba umeona dume.

Mfugaji ataelewa upesi kuliko karani. Mwenye ngamia huchagua fahali mmoja aliye bora, yule aitwaye baarqab, akamtunza kwa ajili ya majike mengi, na madume mengine huhasiwa au huuzwa. Hakuna mtu mwenye akili amchinjaye baarqab kwa kuwa tu ana nyama nyingi. Lakini soko la samaki hufanya hivyo kila siku: hulipa bei ya juu kwa mkubwa, na mkubwa ndiye fahali. Baharini hakuna maksai. Katika Ghuba ya Mexico iko aina ya chewa ambayo, katika miaka ya 1970, madume yake yalikuwa kama 17 katika kila samaki 100. Kufikia miaka ya 1990, baada ya uvuvi mkali, yalibaki mawili au pungufu. Kweli jike mkubwa aweza kugeuka kuchukua nafasi ya dume aliyekufa, lakini hugeuki huko huhitaji muda, na humwondoa jike mwenye mayai mengi katika kundi. Kwa hiyo hasara huingia kwa milango miwili.

Zaidi ya hayo, chewa hukua polepole. Yule chewa wa madoa ya kahawia ambaye hupatikana kwetu, na ambaye amechunguzwa sana huko Australia, aweza kuishi miaka zaidi ya 40, na majike yake hayazai mpaka yafikie umri wa miaka kama 9. Ngamia jike, ambaye sote twamjua kwa uvivu wa kuzaa, huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano hivi. Nani angefungua bucha ya nyama ya ngamia kwa hesabu kwamba kundi litajaa tena baada ya mvua mbili?

Nirudi kwa yule mchuuzi na mwezi mwandamo wake. Sisemi kwamba aliwadanganya. Alisema kweli, na kweli yenyewe ndiyo inayonitia hofu. Chewa ambaye mwaka mzima hukaa peke yake pangoni, akimfukuza kila jirani, wakati wa kuzaa huacha nyumba yake, akasafiri mpaka mahali maalumu penye mkondo na kina, wakakusanyika kwa makumi, kwa mamia, na pengine kwa maelfu. Chewa wa madoa ya kahawia ameonekana akikusanyika hivyo katika pwani ya kusini ya Kenya na katika visiwa vya Shelisheli, katika miezi ya kaskazi, karibu na mwezi mwandamo. Na kaskazi ndio wakati bahari yetu imetulia. Wakati wa kusi mawimbi humzuia mvuvi mwenye dau dogo asitoke mbali. Kaskazi ikiingia, kila chombo hutoka. Basi samaki hukusanyika wakati ule ule ambapo mvuvi anaweza kumfikia. Mzigo mzima kwa bei nafuu si dalili ya wingi. Ni ukoo wa miamba mingi umekutwa mahali pamoja.

Mambo yaliyowapata wengine yanaonyesha mwisho wake. Mwaka 1972 mtaalamu mmoja wa Marekani aliandika habari za mkutano wa chewa karibu na kisiwa cha Bimini, katika Bahamas, akakadiria samaki kati ya 30,000 na 100,000. Mikutano mingi ya aina hiyo ya chewa katika bahari za huko imekwisha kutoweka, na tangu 2018 samaki huyo amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa ya kwisha kabisa. Katika kisiwa cha Little Cayman wavuvi waligundua mkutano mwaka 2001, wenye samaki kama 7,000. Kwa misimu miwili tu walitoa 4,000 hivi. Serikali ya huko ikapiga marufuku uvuvi mahali pale tangu 2003. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona faida yoyote. Mwaka 2009 samaki walikuwa kama 1,200. Kufikia 2018 walikuwa wamepita 7,000. Ilichukua miaka 15 kurudisha kilichoondolewa kwa miwili.

Kwetu sheria zipo. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na ile ya Kiunga, iliyo karibu nasi zaidi, mwaka 1979. Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku uvuvi wa juya na wa bunduki za mishale, vyombo viwili vinavyoyadhuru sana matumbawe na makinda. Tangu 2007 kila bandari ya wavuvi imeweza kuwa na kamati yake ya kusimamia ufuo, zile ambazo watu huziita BMU, zenye mamlaka ya kuweka taratibu za pahali. Naona kamati hizo ndizo za kuendewa kwanza. Mgeni kutoka Garissa akifika Lamu na fedha taslimu mkononi, atauziwa chochote. Akipitia kwa kamati, ataambiwa samaki wametoka wapi na wamevuliwa kwa chombo gani.

Basi ndugu zangu saba, jibu langu ni hili. Leteni samaki, kwa kuwa mji unawahitaji na mpango wenu ni wa busara. Lakini msiuegemeze juu ya chewa mkubwa, wala msinunue mzigo wa mwezi mwandamo. Mkifanya hivyo mtapata faida misimu miwili au mitatu, halafu mtakuwa na masanduku ya barafu yasiyo na kazi, kama mlivyobaki na mazizi yasiyo na ng'ombe. Mzigo wenu na uwe wa mchanganyiko: tafi, ambaye hukua upesi na kuzaa mapema kama mbuzi, changu kwa kiasi, nguru na jodari wanaosafiri wakati wa msimu wao, na chewa wachache wa mshipi kwa mwenye hoteli aliyewaagiza. Mtaniuliza chewa wa ukubwa gani. Hapo pana ugumu, kwani mdogo hajazaa na mkubwa ndiye fahali, na wa katikati ndiye mama. Kwa sababu hiyo nasema wachache, wala sitaji kipimo. Bei ya chewa mmoja mzuri, mwenye nyama nyeupe isiyo na miiba mingi, na kichwa kifaacho kwa supu, yaweza kuwa nzuri hata kama hamkuleta kumi.

Yabaki maneno machache ya ununuzi. Chewa aliyevutwa kutoka kina kirefu huenda akaonekana tumbo lake limejaa na kutokeza kinywani, na macho yamevimba. Hiyo si dalili ya kuoza. Ni hewa ya ndani ya mwili wake iliyopanuka alipopandishwa juu. Tazameni matamvua: yawe mekundu, si ya kijivu. Bonyezeni nyama kwa kidole, na shimo lisibaki. Mtoeni matumbo na matamvua kabla ya kumlaza katika barafu, na maji ya barafu iliyoyeyuka yasiachwe sandukuni yakamlowesha, bali yapate tundu la kutokea. Safari ianze usiku, ili jua la Ijara lisiwakute njiani na mzigo.

Wengine wawili wameniuliza juu ya kambare wa Tana, kama aweza kufugwa katika mabwawa ya kuchimbwa hapa mjini kwa maji ya mto. Hilo nitalieleza juma lijalo, Mungu akipenda.